Dawa ya sonona imenirudisha duniani ila nimeongezeka kilo 11 ndani ya miezi 7, mliopitia hii mlifanyaje?

kipande_cha_mwezi:

Habari zenu wakuu. Naomba mnivumilie ni ndefu, nimeandika na kufuta hii mara tatu.

Mimi ni mwanamke wa miaka 38. Mwaka jana niliugua sonona ile yenyewe, sio ile mtu anasema ana depresheni kisa timu yake imefungwa. Nilikua silali, chakula hakipiti, naingia bafuni nafungulia maji halafu nasimama tu nimesahau nimekuja kufanya nini. Nilikonda mpaka pete ikawa inadondoka yenyewe. Daktari wa akili akanianzishia mirtazapini, kidonge kimoja usiku, na wiki ya kwanza tu nililala fofofo kama mtoto mchanga, nilipoamka nikalia maana nilikua nimeshasahau kulala kunakuaje. Baada ya mwezi na nusu nikaanza kucheka tena, nikarudi kazini, kwahiyo sijaja hapa kuitukana dawa, imeniokoa.

Shida ni njaa. Na hii njaa sio ile mnayoijua. Nakunywa kidonge saa tatu usiku, ikifika saa nne na nusu naisikia inakuja, kuna kitu kinanisukuma niende jikoni na nikifika kinataka mkate, biskuti, kitu kitamu, hakitaki tango. Siku moja nilijikuta nimesimama mbele ya friji mlango uko wazi, taa inanimulika usoni, nimekula vipande sita vya mkate mkavu bila hata kukaa chini na wala sikumbuki nilipoanza. Nilikua na kilo 64, sasa hivi 75. Suruali zote za kazini zimegoma. Ndugu yangu mmoja kaniona akasema "umenawiri, naona mambo yamekunyookea", alimaanisha vizuri lakini nilirudi nyumbani nikajifungia.

Wiki mbili zilizopita nikasema potelea mbali, nikaacha dawa kimyakimya. Siku ya pili usingizi ukakata kabisa, kichwa kinazunguka, kichefuchefu, nampigia kelele kila mtu. Siku ya nne nikarudi kwenye kidonge na mkia katikati ya miguu. Sasa nipo njia panda, niache nirudi kule kwenye giza au niendelee kuvimba? Mliopitia mlifanyaje jamani, na nitamwambiaje daktari bila kuonekana nalalamikia urembo?

Chuma_cha_Pua:

Dada usijisumbue, hivyo vidonge ni biashara za watu. Tatizo ni nidhamu tu, amka alfajiri ukimbie, funga mdomo kuanzia saa kumi na mbili jioni, acha dawa taratibu mwenyewe mwili utajirekebisha. Mimi nimepunguza kilo 9 hivyo hivyo bila daktari.

mzee_wa_taratibu:

Mkuu Chuma, wewe ulipunguza kilo 9 ukiwa na njaa yako ya kawaida, mwenzio ana njaa ya kuletewa. Hivyo ni vitu viwili tofauti na nakuambia kama mtu niliyekuwa na mawazo kama yako kabla hayajanikuta.

Dada kipande, pole sana na karibu kwenye chama. Mimi nilitumia hiyo hiyo mirtazapini miaka miwili. Kosa langu kubwa nilikua napambana nayo saa nne usiku, pale pale inapokua na nguvu, na pale hakuna mwanaume wala mwanamke anayeshinda, dawa imeshapanda kichwani, usingizi unakuja, akili ya kusema hapana imeshalala kabla yako. Nilikuja kugundua kwamba vita ya saa nne usiku inapiganwa saa kumi jioni. Maana yake nini, nilikua mchana nakula kidogo kidogo kujihurumia kwa niliyokula jana usiku, kwahiyo usiku unanikuta na njaa mbili, ya kwangu na ya dawa. Nilipoanza kula mlo kamili wa mchana wenye protini ya kutosha, na cha jioni nikala nikashiba kweli kama nusu saa kabla ya kidonge, ile kelele ilipungua, sisemi iliisha, ilipungua.

Cha pili nilichofanya ni kwamba nikishameza naenda kitandani. Sikai sebuleni kuangalia tivii nikisubiri usingizi. Zamani nilikua nameza saa mbili nalala saa tano, yale masaa matatu ndio yaliyonimaliza. Muulize daktari wako kama unaweza kusogeza muda wa kumeza ukawa karibu na kulala.

Na kitu kingine hakuna aliyewahi kuniambia, midomo kukauka. Ile dawa inakausha mdomo, mimi nikawa nadhani nina hamu ya soda kumbe nina kiu. Soda kopo moja la mililita 330 ni kama kalori 140, mimi nilikua napiga makopo mawili usiku. Weka chupa ya maji kando ya kitanda, na bigijii isiyo na sukari mchana.

Kwenye mizani pima mara moja kwa wiki, siku ile ile, asubuhi ukitoka chooni. Ukipima kila siku utachanganyikiwa, maji tu ya mwilini yanaweza kukupandisha kilo nzima na kukushusha.

Dirisha_la_Dawa:

Mimi ni mfamasia, nipo dirishani kila siku na hili swali naulizwa kwa sauti ya chini sana, watu wanainama kabisa. Dada usione aibu. Uzito ni athari ya dawa kama ulivyo upele au kichefuchefu, unaripotiwa kwa daktari kama athari nyingine yoyote, sio kulalamikia urembo.

Nikueleze kinachotokea. Mirtazapini inaziba vipokezi vya histamini kwenye ubongo, yani sehemu zinazopokea ujumbe wa kemikali ya mwili iitwayo histamini. Ndio kazi ile ile inayofanywa na zile dawa za zamani za mafua na aleji zinazolewesha usingizi, ndio maana unalala, na ndio maana unasikia njaa, mlango ni mmoja. Afu inagusa pia aina fulani ya vipokezi vya serotonini, kemikali nyingine ya ubongo, ambavyo kazi yake mojawapo ni kukuambia umeshashiba. Kwahiyo breki imelegezwa na mafuta yamekanyagwa kwa wakati mmoja. Anayekuambia ni nidhamu hajui anachoongea, samahani Chuma.

Sasa hesabu ambayo huwa inawapa watu nafuu. Kilo moja ya mafuta ya mwili kwa makadirio ni kama kalori 7,700. Kilo 11 kwa miezi 7 ukigawanya inakuja kama kalori 400 kwa siku zilizozidi. Hiyo ni vipande vinne vitano vya mkate, au soda moja na pakiti ndogo ya biskuti. Yani umeona, kilo 11 zako zote zinaweza kua zimeingia kwa mlango wa saa nne na nusu usiku peke yake. Huhitaji kubadilisha maisha yote, unahitaji kulinda saa moja. (Na kwako wewe sehemu ya hizo kilo ni zile ulizopoteza ukiwa huli, kwahiyo muulize daktari uzito wako kabla ya kuugua ulikua ngapi ndio uanze kuhesabia hapo, sio pale ulipokua umekonda kwa ugonjwa.)

Dawa za sonona hazifanani kwenye hili. Mirtazapini na zile za zamani kama amitriptilini ndio zinaongoza kwa kunenepesha. Kwenye kundi la kina fluoksetini, setralini na wenzake, paroksetini ndio ina sifa mbaya zaidi, fluoksetini mwanzoni wengine hata hupungua kidogo halafu baadae hurudi. Bupropioni ndio inajulikana kwa kutoongeza, ila sio ya kila mtu, mwenye kifafa au aliyewahi kuugua ugonjwa wa kujinyima chakula au wa kula na kujitapisha haruhusiwi, na wenye wasiwasi mwingi au kukosa usingizi wakati mwingine inawazidishia. Kuna utafiti wa Marekani ulichapishwa 2024, waliangalia dawa 8 kwa watu zaidi ya 180,000, ndani ya miezi 6 waliopewa esitalopramu (ya kundi lile lile la kina fluoksetini) au paroksetini walikua na uwezekano wa kama asilimia 15 zaidi wa kuongezeka angalau asilimia 5 ya uzito wao kuliko waliopewa setralini, na wa bupropioni ni kama asilimia 15 pungufu. Mirtazapini haikuwemo kwenye ule. Lakini msisome hizo namba mkakimbilia kubadilisha, kwa wastani tofauti ya kilo kati ya hizo dawa ilikua ndogo, na dawa bora ni ile inayokutoa kwenye shimo.

Ulichofanya cha kuacha ghafla usirudie tena. Kizunguzungu, kichefuchefu, usingizi kukata, hasira, wengine husikia kama shoti ya umeme kichwani, hiyo ni dalili ya mwili kunyang'anywa dawa ghafla. Kuacha kupo, ila kunashushwa ngazi kwa ngazi na daktari, wengine wiki wengine miezi. Na ukishapona madaktari wengi wanataka uendelee angalau miezi 6 mingine maana ukiacha mapema ugonjwa unarudi kirahisi.

Ua_Jekundu:

Shost mimi nina chai ya kupunguza tumbo, asilia kabisa haina kemikali, wateja wangu wanapungua kilo 5 kwa wiki mbili. Unaweza kunywa hata kama unatumia dawa zako. Nicheki inbox.

Dirisha_la_Dawa:

Ua Jekundu samahani hapa sitakaa kimya. Kilo 5 kwa wiki mbili kwa chai, jiulize kuna nini humo ndani. Kuna dawa inaitwa sibutramini, ilikua inauzwa kihalali ya kupunguza uzito, ikaondolewa Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwasababu ya matatizo ya moyo na kiharusi, na mpaka leo inakutwa imefichwa kwenye vidonge na chai zinazoandikwa asilia. Tena inafanya kazi kwenye serotonini, ukiichanganya na dawa za sonona serotonini inaweza kupanda mpaka mtu anatetemeka, joto linapanda, moyo unakimbia, anakimbizwa hospitali. Siisemi chai yako ina hiyo, nasema wewe mwenyewe hujui kama ina hiyo.

Na hata ambazo kweli ni mimea tu, kuna mmea unauzwa kwa jina la wort ya Mtakatifu Yohana kwa ajili ya huzuni, ule unagombana na dawa za sonona na hata vidonge vya uzazi wa mpango unavipunguza nguvu. Kabla hujatia chochote mdomoni muoneshe mfamasia wako pakiti.

Ua_Jekundu:

Sawa nimeelewa sikua na nia mbaya.

sina_haraka:

Mimi nina upande mwingine kidogo. Niliongezeka kilo 8 na esitalopramu, nilipomwambia daktari wangu wa kwanza akanijibu bila hata kuinua kichwa "kwani wewe unataka kuwa mwembamba au unataka kuwa mzima?" Nikatoka pale nimenywea. Nilikaa mwaka mzima sijasema tena na ndani ya huo mwaka nikaongeza nyingine 6. Na hapo ndio nimekuja kuona kuna utafiti wa Uingereza wa 2018 unaosema hatari ya kuongezeka inakua kubwa zaidi mwaka wa pili na wa tatu wa dawa, kwahiyo mwenye miezi 7 kama wewe dada bado uko mwanzoni, sema sasa hivi, usisubiri kama mimi.

Daktari wa pili alikua mtu. Cha kwanza alinipima damu, sukari, mafuta na tezi ya shingo, akasema tezi ikilegea inaleta uchovu, huzuni, kunenepa, baridi, choo kigumu, vile vile kama sonona, kwahiyo huwezi kusingizia dawa kabla hujaangalia. Yangu ilikua nzima. Akapitia dawa zangu zote maana nilikua nimeongezewa na kidonge kingine cha usingizi, kwetiapini, kumbe na chenyewe kinanenepesha, mimi miezi yote nilikua nashutumu esitalopramu peke yake! Kile kikatolewa polepole.

Halafu mazoezi. Mimi sikimbii, ninachukia kukimbia. Natembea dakika 20 baada ya chakula cha jioni na mara mbili kwa wiki nabeba uzito. Mwaka wa kwanza nilipungua kilo 4 tu kati ya 14 na nimeziacha nyingine zikae, nimenunua nguo za saizi yangu ya sasa, maisha yanaendelea. Watu wanadharau hii ya nguo lakini kuamka kila siku unajibana kwenye suruali inayokukumbusha umeshindwa nayo ni sumu. Nunua suruali mbili zinazokutosha, leo.

kipande_cha_mwezi:

Jamani nimesoma yote nikiwa kazini nimejificha chooni, asanteni. Hiyo hesabu ya kalori 400 nimeirudia kwa kalkuleta mara mbili. Miezi yote hii nilikua najiona mlafi niliyejiachia, kumbe ni saa moja.

Mzee wa taratibu umejuaje kuhusu mchana? Ndio ninavyofanya, nikila sana usiku kesho yake nashinda na chai tupu mpaka saa kumi. Nina miadi alhamisi ijayo. Nimenunua daftari.

mzee_wa_taratibu:

Daftari andika vitu vinne tu, usiligeuze kua mahakama. Saa ya kumeza, saa ya kulala, saa njaa inapokuja na umekula nini hapo. Uzito mara moja kwa wiki. Daktari akiona "saa 3 dawa, saa 4:40 njaa, saa 5:30 kulala" hahitaji hotuba.

Chuma_cha_Pua:

Dada naomba radhi kwa nilichoandika juu. Mke wangu ameisoma hii akanikumbusha mama yake alivyoacha dawa zake kwa ushauri wa watu kama mimi. Sitaandika mengine.

kipande_cha_mwezi:

Narudi na mrejesho, ni wiki ya nne sasa.

Nilienda. Nilikua nimepanga maneno yote yakanitoka nikampa daftari tu. Akalisoma kimya kama dakika mbili afu akasema "hii ndio nilikua nahitaji uniletee mwezi wa kwanza." Nilimwambia na ile ya kuacha siku tatu, hakunigombeza, alinipimisha tezi na sukari, zote ziko sawa. Akanipa njia mbili, kubadilisha pole pole kwenda dawa nyingine, au kubaki hapa hapa miezi michache kwanza kwasababu nimepona juzi tu na usingizi wangu ndio ulikua mlango wa ugonjwa. Nimechagua kubaki. Sijui kama nimechagua sawa, tumekubaliana nikizidi 77 tunabadilisha bila mjadala, na miezi mitatu tunakaa tena. Kidonge amekisogeza mpaka saa nne kasorobo, saa nne niko kitandani taa imezimwa.

Kilo: 75.2, 75.6, 75.1, 75.0. Najua ni kama hakuna kitu, ila kwa miezi 7 mstari ulikua unapanda tu na sasa umelala. Nakula mchana. Siku ya kwanza nilikula mayai na maharage saa saba mchana nikajisikia nafanya dhambi.

Usiku bado inakuja ila haina nguvu ile. Kuna siku mbili imenishinda na nimeandika kwenye daftari bila kulia. Mkate nimeuhamishia kwenye friza, vipande vyote vimegandishwa, ukitaka kimoja lazima ukibanike. Jana saa nne na nusu nikaenda, nikafungua, nikagonga kipande mezani kikalia kama tofali, nikasimama pale nakisubiri kiyeyuke huku macho yanafumba yenyewe. Nikakirudisha nikaenda kulala.

Suruali mbili nimenunua. Sina haraka, za kwangu ni za bluu.